Lily Briscoe na Freud: Mgonjwa na Mganga?

Wanafunzi wengi wanapohakiki mhusika wa kike kwa mkabala wa uchanganuzi nafsi, humfanya mhusika kuwa mgonjwa na Sigmund Freud kuwa mganga wake. Historia ya riwaya ya To the Lighthouse (1927) ya Mwingereza Virginia Woolf inaonyesha kwamba uhusiano huo si mwepesi hivyo.

Lily Briscoe ni mchoraji asiyeolewa, mgeni katika nyumba ya Bwana na Bi. Ramsay kisiwani Skye, Uskoti. Anampenda Bi. Ramsay kama mtoto ampendavyo mama, na anatamani wawe kitu kimoja. Papo hapo anaikataa imani ya Bi. Ramsay kwamba kila mwanamke sharti aolewe. Bi. Ramsay anafariki. Miaka kumi baada ya ziara ile ya kwanza, Lily anarudi, anashika tena brashi, anamlilia marehemu, kisha anachora mstari wa mwisho na picha inakamilika.

Mhakiki anaweza kuona hapa hoja ya Freud ya mwaka 1917 kwamba mfiwa hufungua polepole, moja baada ya jingine, mafundo yanayomfunga kwa marehemu. Mwingine atamfuata Melanie Klein na kusema kwamba Lily anaijenga upya ndani ya nafsi yake sura ya mama aliyempoteza. Usomaji huu una mashiko.

Hata hivyo, tuzitazame tarehe. Mama mzazi wa Virginia, Julia Stephen, alifariki mwaka 1895, binti akiwa na umri wa miaka 13. Mwaka 1917 Virginia na mumewe Leonard walianzisha Hogarth Press, iliyoanza kuchapisha tafsiri za Kiingereza za Freud mwaka 1924. Mwaka 1925 Klein alitoa mihadhara jijini London nyumbani kwa Adrian Stephen, mdogo wake Virginia. Mwaka huohuo Virginia akaanza kuandika riwaya hii. Nadharia ilikuwa mlangoni pake. Lakini shajara yake inaonyesha kwamba alianza kumsoma Freud kwa dhati Desemba 1939, miaka 12 baada ya riwaya kutoka.

Katika kumbukumbu alizoandika mwishoni mwa maisha yake, Virginia alieleza kwamba mama yake alimwandama mawazoni hadi alipoiandika riwaya hii. Alikisia kwamba alijifanyia mwenyewe kile ambacho wachanganuzi nafsi huwafanyia wagonjwa wao.

Kwa hiyo Lily hamsubiri Freud aje kumfasiri. Anajitibu kwa brashi, kama muumba wake alivyojitibu kwa kalamu. Riwaya na nadharia zilikuwa zikijibu swali moja katika zama moja: mfiwa ataishije?

Somo hili linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili. Mwanafunzi anayehakiki Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi hukimbilia kuandika kwamba Rosa aliharibiwa na ukali wa babake, akaweka nukta. Tumwulize swali la pili: riwaya hii inajua nini kuhusu binti wa Ukerewe ambacho Freud hakukijua? Hapo ndipo uhakiki unapoanza.