Shule Iliyokataa Fimbo

Shule ya Risinghill ilifunguliwa mwaka 1960 Islington, London, kwa kuunganisha shule nne. Ilidumu miaka mitano tu. Mwalimu mkuu, Michael Duane, alikataa fimbo, na hilo Uingereza ya siku zile, ambako kuchapa kulikuwa halali, lilitosha kumpa maadui. Wanafunzi wake wengi walitoka familia maskini, baadhi wakiwa watoto wa wahamiaji kutoka Saiprasi. Wapinzani walidai bila fimbo hakuna nidhamu. Sentensi hiyo naijua: nimeisikia mstarini miaka yangu yote ya sekondari, kwa Kiswahili.

Mwaka 1965 mamlaka ya elimu ya London iliifunga, wazazi na wanafunzi wakipinga. Hoja rasmi ilikuwa idadi ya wanafunzi kupungua. Siioni kama hoja ya bure, lakini shule inayosemwa vibaya magazetini itawapata wapi wanafunzi? Leila Berg aliandika kitabu kizima kuihusu, kikatoka mwaka 1968. Duane hakupewa tena shule ya kuongoza.

Fimbo ilipigwa marufuku katika shule za serikali mwaka 1987. Majengo ya Risinghill yalikuwa yameshakuwa ya shule ya wasichana.