Mtango wa Yona

Macho ya bibi yangu yameingia ukungu, hasomi tena. Likizo iliyopita, kijijini Muheza, aliniomba nimsomee kitabu cha Yona. Nikafungua Habari Njema kwenye simu. Nilipofika sura ya nne, pale Mungu anapootesha mmea wa kumpa nabii kivuli, akanigusa mkono.

"Mtango uko wapi?"

Nikamweleza kwamba tafsiri hii inasema "mmea" tu.

"Basi wameung'oa, mjukuu wangu."

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na ugonjwa wetu ni kumsahihisha kila mtu. Nikamwambia kwamba wataalamu wengi hudhani neno la Kiebrania lililotumika pale linataja mnyonyo, ule mti wa mbarika. Hakujibu. Alisema amechoka, nizime taa.

Gizani nikakumbuka barua niliyoisoma chuoni. Mwaka 403, Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika Kaskazini, alimwandikia Jeromu, aliyekuwa Bethlehemu akitafsiri Agano la Kale kwa Kilatini moja kwa moja kutoka Kiebrania. Hadi wakati huo makanisa ya Kilatini yalisoma Agano la Kale lililotokana na Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki. Wengi, Augustino akiwemo, waliamini kwamba Roho aliyewaongoza manabii aliwaongoza pia watafsiri wale.

Augustino alisimulia mkasa wa Oea, mji ambao leo ni Tripoli, Libya. Askofu wa huko aliruhusu tafsiri mpya isomwe kanisani. Walipofika kwa Yona, mmea ulikuwa umebadilika: vitabu vya zamani vilisema mung'unye, Jeromu aliandika hedera, mmea unaotambaa ukutani. Kanisa likachafuka. Waumini, hasa Wagiriki, walipiga kelele kwamba maandiko yameghushiwa. Askofu akawauliza Wayahudi wa mjini, nao wakaunga mkono vitabu vya zamani. Ikabidi arekebishe, asije akabaki bila waumini.

Jeromu alijibu kwa ukali. Alieleza kwamba mmea wenyewe una majani mapana na husimama kwa shina lake, ila Kilatini hakina jina lake; ndiyo maana aliwafuata watafsiri waliomtangulia, akaandika hedera. Kwa maneno mengine, naye alijua kwamba hedera haikuwa jibu kamili.

Mwaka 1546 Mtaguso wa Trento ulitangaza kwamba Vulgata, Biblia iliyojengwa juu ya kazi ya Jeromu, ndiyo yenye mamlaka katika Kanisa Katoliki. Kitabu kilichowahi kuitwa cha kughushi sasa kilikuwa cha kulindwa.

Biblia ya bibi nayo iliwahi kuwa ngeni. Union Version ilikamilika mwaka 1952, baada ya Biblia ya Kiunguja ya 1891, ya Kimvita ya 1914, na ile ya Karl Roehl ya 1937, aliyejitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Mamlaka yake kwa bibi hayakutoka kwenye kamati yoyote. Yalitokana na kusomwa misibani, harusini na kando ya vitanda vya wagonjwa, miaka nenda rudi.

Labda nilikuwa sahihi kuhusu mmea. Swali la bibi sikulielewa. Sura ile anaijua kwa moyo, na kwa mtu asiyeona tena, moyoni ndiko Biblia ilikobaki. Neno moja lilipobadilika, alipotea njia ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Jioni iliyofuata nilichukua Biblia yake kuukuu. Nikasoma, yeye akinitangulia nusu mstari. Tulipoupita mtango nikashindwa kujizuia: mtango hutambaa chini, ungempaje Yona kivuli?

Bibi akacheka. Amelima miaka mingi kuliko niliyoishi.

"Unasoma haraka. Yona alishajenga kibanda. Mtango ukipata kibanda, hupanda."

Nikarudi mstari mmoja nyuma. Kibanda kilikuwepo.