Daftari la Wapagazi: Habari za Watu wa Kariakoo katika Vita vya 1914–1918

Ndugu wanachama, hesabu ya fedha za mwaka mmekwisha kuisoma katika kurasa zilizotangulia, pamoja na habari za mazishi, za wagonjwa, na za karo za watoto yatima. Kwa kuwa ni desturi ya kijitabu hiki kutia na habari moja ya kale, Kamati ilitutaka sisi wa ofisi tuandike juu ya watumishi wa serikali waliowahurumia watu wakati wa taabu kuu. Tumechagua habari isiyo mbali nasi. Wengi wetu hupita Kariokor ya Nairobi, wakienda sokoni au kungoja basi, pasipo kukumbuka ya kwamba jina hilo ni la kambi ya wapagazi wa vita, ambayo Waingereza waliita Carrier Corps, nasi tukaligeuza kwa ndimi zetu. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyo hiyo.

Vita vilipofika Afrika Mashariki mwezi wa Agosti 1914, jeshi lilikuta nchi isiyo na barabara za kutosha, na mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu. Basi kila sanduku la risasi na kila kibaba cha unga kilikwenda juu ya kichwa cha mwanadamu. Mzigo ulikuwa ratili 50 au 60, na mshahara rupia 5 kwa mwezi, ukawa 6 baada ya miezi mitatu. Katika nchi ambayo leo ni Kenya walitolewa watu zaidi ya 150,000. Wachache walikwenda kwa hiari. Wengine walichukuliwa kwa amri, hasa mwaka wa 1917, machifu walipodaiwa idadi ya watu, na vijana wakakamatwa barazani au usiku wakiwa wamelala nyumbani kwao. Hatutaki msomaji asahau jambo hilo anaposoma habari za huruma zinazofuata, maana huruma yenyewe ilitendeka ndani ya kazi ya shuruti.

Aliyepewa kuwaangalia wapagazi hao tangu 1914 alikuwa Bwana Oscar Watkins, ofisa wa utawala aliyekijua Kiswahili. Hakuwa mtu mkubwa mbele ya majenerali. Jambo la kwanza alilolishika ni daftari: kila mtu aandikwe jina lake na mahali alikotoka, apewe namba, na namba hiyo ipigwe juu ya kibati atakachokivaa. Huenda wasomaji wengine wakaona hilo ni jambo dogo la makarani. Sisi tulio makarani tunajua kwamba si dogo. Mtu asiyeandikwa hawezi kudai mshahara wake, na akifa porini hakuna wa kumpelekea mama yake habari wala fedha. Jenerali akitaka wapagazi 1,000, walio wazima hutosha kwake. Ni daftari tu linaloweza kuuliza wale 1,000 wa jana wamekwenda wapi.

Tena palikuwa na shauri la chakula, ambalo liliua watu wengi kuliko risasi za adui. Waganda walizoea ndizi, watu wa Pwani wali, na wafugaji maziwa. Wote wakapewa unga wa mahindi, nao mara nyingi haukusagwa vizuri. Mfikirie mtu aliyechukua mzigo tangu alfajiri katika mvua za masika. Anafika kambini jioni, kuni zimelowa, sufuria ni moja kwa watu wengi, na kesho kabla ya jua kuchomoza ataamshwa tena. Hangojei ugali uive. Anaula mbichi nusu, na baada ya siku chache tumbo lake lakatika kwa kuhara damu. Wengine walikufa kwa malaria, na wengine kwa kichomi, kwa sababu mtu wa milimani alilala chini kwenye tope bila blanketi la kutosha. Watkins na baadhi ya waganga waliandika na kuandika tena juu ya mablanketi, juu ya unga, na juu ya kupika. Mara walisikilizwa, mara hawakusikilizwa, maana jeshi lilikuwa likimfuata von Lettow-Vorbeck kuelekea kusini, hata mto Rufiji na kuuvuka, na kila lilipokwenda mbele zaidi ndivyo chakula kilivyozidi kuchelewa.

Wako pia waliokwenda na watu wao. Askofu Frank Weston wa Unguja alikusanya kikosi cha wapagazi mwaka wa 1916 akasafiri nacho kwa miguu bara. Daktari John Arthur wa misheni ya Kikuyu aliongoza kikosi cha watu wa misheni mwaka wa 1917, na vifo katika kikosi chake vilikuwa vichache kuliko katika vikosi vingi. Sisi twaona sababu yake si ngumu: waliongozwa na watu waliowajua kwa majina.

Habari ya Bwana John Ainsworth ni ngumu zaidi, wala hatuwezi kuiruka. Huyu alikuwa Bwana PC wa Nyanza kwa muda wa miaka kumi hivi, na watu wengi walimheshimu. Mwaka wa 1917 alipewa kazi ya kupata wapagazi kwa nchi nzima, akaifanya, na wengi walioletwa walirudishwa na waganga kwa udhaifu. Lakini mwezi wa Oktoba 1919, vita vimekwisha, yeye mwenyewe, kwa niaba ya Gavana Northey, alitia sahihi waraka uliowataka maofisa na machifu wawasukume watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Askofu Weston aliupinga waraka huo hadharani mwaka wa 1920, na mwaka wa 1921 London ikaamuru maofisa wa serikali wasiwatafutie wenye mashamba watu wa kazi. Wakati huo huo ulianza kutumika kipande, chenye jina na alama za vidole, ambacho kila mwanamume alilazimika kukichukua popote. Sisi tumekwisha kusifu daftari. Basi haki yatutaka tukiri ya kwamba kuandikwa kule kule kuliweza pia kuwa kamba ya shingoni.

Baada ya vita mishahara ya wafu na ya waliopotea ilibaki bila kudaiwa. Watkins alitaka fedha hizo zitumike kwa faida ya watu waliotoa wapagazi. Serikali ya Uingereza haikukubali. Mwaka wa 1928 ilifunuliwa sanamu iliyoko Nairobi mjini, watu watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi, pamoja na maneno ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Majina ya wapagazi hayako. Hesabu ya serikali ilionyesha wapagazi wa jeshi la Kiingereza waliokufa kuwa zaidi ya 40,000, na wanahistoria wa siku hizi huhesabu karibu 100,000. Mwaka wa 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika taarifa yake ya kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Mwaka huu mwanachama wetu mmoja alituletea ofisini kibati chenye namba, kimeliwa na kutu, alichokikuta katika kikapu cha nyanya yake aliyefariki. Aliuliza kama tungeweza kumtafutia jina la mwenyewe. Tumeandika barua mbili, na majibu bado. Kwa sasa namba ile imeandikwa katika daftari la Chama, na kando yake tumeacha nafasi ya jina.