Kwa Nini Kete ni 64: Hesabu Iliyomo Ndani ya Bao

Ukishuka daladala Mbagala Rangi Tatu jioni, hukosi kuona wazee wameinamia bao. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete zake ni komwe 64. Wengi tunaichukulia 64 kuwa mazoea tu ya wahenga. Hoja yangu ni kwamba kanuni za mchezo wenyewe ndizo zinazoidai namba hii.

Tazama bao la kujifunza, ambamo kila shimo huwekwa kete mbili. Kwa nini mbili? Kwa sababu mchezaji haruhusiwi kuanza mwendo na shimo lenye kete moja. Zigawe kete 32, moja kila shimo, na hakuna atakayeweza kucheza. Basi 64 ndiyo namba ndogo kuliko zote inayogawanyika sawasawa kwa mashimo 32 na bado ikaruhusu mwendo wa kwanza. Namba 96, tatu kila shimo, nayo ingewezekana. Lakini ukiikata 96 nusu kwa nusu unakwama kwenye 3. Ukiikata 64 unapita 32 za mchezaji na 16 za safu, ukaendelea mpaka 1 bila baki, kwa kuwa 64 ni 2 kwa kipeo cha 6. Ndiyo maana pia ni 8 mara 8, na ni 4 mara 4 mara 4. Ukiacha 1, hakuna namba ndogo zaidi yenye sifa hizo mbili kwa pamoja, na inayofuata ni 729.

Kwenye bao la wakubwa mpangilio wa mwanzo ni mwingine. Kila mchezaji ana kete 6 kwenye nyumba, shimo lake maalumu, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja kwa zamu. Jumla ni ileile, 32 kwa 32.

Utamu zaidi umo kwenye 16. Safu mbili za mchezaji ni mzunguko wa mashimo 16, hivyo kete 16 zikigawiwa moja moja, ya mwisho inaangukia shimo zilikotoka. Kete 19 huishia pale zinapoishia 3. Hiyo ni hesabu ya baki, inayofundishwa vyuoni kwa alama nyingi, na hapa inafanyika kwa vidole.

Namna za kuzipanga kete 64 kwenye mashimo 32 zinapita trilioni mara trilioni, ingawa nyingi hazitatokea mchezoni. Mwaka 1995 Mholanzi Alex de Voogt alichapisha utafiti kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar na mipaka ya akili zao. Nadhani wanasaidiwa na jambo hili: kete iliyoliwa haitoki ubaoni, inahamia upande wa aliyekula. Kunamua kukiisha, nikiwa na 37 wewe una 27. Pande zote mbili ni witiri, au zote ni shufwa. Hakuna namna nyingine.

Jioni moja niliona ubishi kuhusu mchezo uliokwama. Mmoja alihesabu zake, 37. Mwenzake alipata 26. Hakuna aliyejumlisha. Babu aliyekuwa pembeni akasema tu, "Witiri na shufwa, haiwezekani," akainama kutafuta komwe chini ya benchi.