Theluji Iliyowahi Kuliko Habari Yake

Sisi wa Mongbwalu mvua ya mawe twaijua. Huanguka kwa kishindo juu ya mabati, huchana majani ya migomba, na baada ya muda mfupi mawe yenyewe yamekuwa maji. Lakini theluji, yaani barafu laini inayoshuka kimya kama unga na kufunika nchi yote, kwetu haianguki. Iliyo jirani nasi yakaa juu ya milima ya Ruwenzori, kusini mwa Ituri.

Tarehe 24 Mei 1888 Stanley, aliyekuwa amepita msitu wa Ituri, alikuwa karibu na Ziwa Albert. Kijana mmoja wa msafara wake akamwonyesha mlima kwa mbali, akasema umefunikwa na chumvi. Kumbe ile chumvi ilikuwa theluji! Tusimcheke kijana yule. Mtu huipa ajabu jina la kitu anachokijua.

Mwaka ule ule, huko Marekani, walikuwako watu walioijua theluji tangu kuzaliwa, nayo ikawaua. Hebu tuyatazame mambo yao, maana yana fundisho kwetu.

Tarehe 12 Januari 1888, katika nchi tambarare za Nebraska na Dakota, asubuhi ilikuwa ya vuguvugu baada ya siku nyingi za baridi kali. Watoto wengi walikwenda shule bila makoti mazito, na wakulima wakatoa ng'ombe nje. Mara upepo wa kaskazini ukafika umebeba theluji nyembamba kama vumbi, hata mtu asiweze kuona mkono wake. Mahali pengi saa ile ilikuwa karibu na watoto kutoka shuleni. Watu wapatao 235 walikufa, na wengi wao walikuwa watoto waliopotea njiani. Huko Nebraska mwalimu kijana, Minnie Freeman, alipoona upepo umeng'oa paa la shule, aliwakusanya wanafunzi wake akawaongoza mpaka nyumba ya jirani, wakaokoka.

Je, hakuna aliyejua? Alikuwako. Tangu mwaka 1870 askari wa Marekani walikuwa wakipima joto, upepo na uzito wa hewa katika vituo vingi kwa saa moja, wakipelekeana hesabu kwa simu ya waya. Maana dhoruba husafiri: katika nchi zile nyingi hutoka magharibi kwenda mashariki, na simu huenda mbio kuliko upepo. Aliye mashariki akisikia kwamba magharibi baridi imeshuka ghafula, ajua kinachomjia. Usiku wa kuamkia siku ile, Luteni Woodruff, aliyekuwa mjini Saint Paul, alitoa onyo la baridi kuu kwa Dakota na Nebraska. Alama yake ilikuwa bendera nyeupe yenye mraba mweusi katikati.

Lakini bendera ilipandishwa mjini, na mkulima aliishi mbali. Simu ilifika kituoni, haikufika shuleni. Basi watu walisadiki vuguvugu la asubuhi, kwa kuwa hawakupewa neno jingine la kusadiki. Onyo lisilofika mlangoni ni kama barua iliyolala posta.

Tangu hapo vyombo vimeongezeka. Mwaka 1929 Mfaransa Robert Bureau alirusha puto lenye redio, lipime hewa ya juu na kuleta habari chini. Jambo hili lina faida kubwa, kwa sababu hewa ya juu ikiwa na joto na ya chini ikiwa na baridi kali, mvua huanguka kama maji, kisha huganda papo hapo juu ya miti na nyaya na kuzivunja. Tofauti ya joto kidogo tu yaamua kama itakuwa mvua, theluji au barafu. Mwaka 1960 Marekani ikarusha TIROS-1, chombo cha kutazama mawingu toka juu ya dunia.

Hata hivyo shida ya mwaka 1888 haijaisha. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza nia ya kumfikishia kila mtu duniani onyo la mapema kabla ya mwisho wa mwaka 2027. Kwetu hatungoji theluji. Lakini mvuvi wa Ziwa Albert hukutwa na upepo majini, na mchimba dhahabu wa Mongbwalu huwa shimoni mvua kubwa ikilegeza udongo juu yake. Hao nao wana haki ya kujua mapema.

Basi, mwenye redio akisikia habari ya mvua kubwa, asikae nayo nyumbani. Amwambie jirani, amwambie na mwalimu kabla watoto hawajaachwa kwenda zao. Nyumba ya mwisho kijijini, ile iliyo mbali na njia, ndiyo ipelekewe mtu kwanza.