Kuzeekea Malindi

Mwaka 1908 zilipitishwa sheria mbili, moja London na nyingine huku kwetu, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki.

Ya London ilikuwa sheria ya pensheni ya uzeeni. Kuanzia tarehe 1 Januari 1909, Mwingereza aliyefikisha miaka 70 na asiye na kipato cha kumtosha alianza kupokea hadi shilingi 5 kwa wiki kutoka kwa serikali yake, hata kama hakuwahi kuchangia senti. Ya huku ilikuwa sheria ya hati za ardhi za Pwani. Ilimtaka kila anayedai kipande cha ardhi aende mbele ya msajili na ushahidi wake. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai kwa namna ambayo msajili aliikubali ikawa mali ya Taji la Uingereza.

Sheria moja ilimwambia mzee: sasa pumzika. Nyingine ilimuuliza mzee: hapa ulipokaa, karatasi iko wapi?

Shuleni sikufundishwa hata moja kati ya hizo mbili. Lakini naziweka pamoja kwa sababu zilikuja kukutana baadaye, na zilikutania nyumbani kwa kina mama yangu: Malindi.

Kama umewahi kushuka Malindi, si unajua mambo yalivyo. Dereva wa tuktuk anakuita kwa "ciao" kabla ya "mambo". Vijana waliomaliza darasa la nane wanaongea Kiitaliano cha kununua na kuuza bila kufungua kamusi. Saa kumi na moja jioni unawaona wazee wa Kizungu, ngozi imeiva kwa jua, kaptula nyeupe na kandambili, wanakunywa kahawa pole pole kama watu wasiodaiwa na yeyote. Ukienda Diani utasikia Kijerumani zaidi, lakini picha ni ile ile. Wengi wao si watalii wa wiki mbili. Wamekuja kuzeeka.

Watu husema walifuata jua na bahari. Kweli, lakini jua na bahari viko pia Somalia na Msumbiji. Ili mtu azeekee ufuoni mwa nchi isiyo yake, anahitaji vitu viwili: pesa inayoingia bila kufanya kazi, na ardhi inayoweza kununuliwa. Cha kwanza kilitengenezwa Ulaya. Cha pili kilitengenezwa hapa, na hapo ndipo hadithi yenyewe ilipo.

Wacha turudi nyuma kidogo. Karne ya 19, mashamba ya nafaka ya Malindi yalilimwa na watumwa chini ya mabwana waliokuwa raia wa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1895 Sultani aliwakabidhi Waingereza usimamizi wa ukanda wa maili 10 kutoka baharini, kwa malipo ya kila mwaka. Mwaka 1907 serikali ya Waingereza ikaufuta utumwa kisheria katika ukanda huo, na ikawalipa fidia waliopoteza watumwa. Waliokuwa watumwa wakabaki na uhuru wao mtupu.

Mwaka mmoja baadaye ndipo ikaja ile sheria ya hati. Sasa jiweke katika nafasi ya mtu aliyeachiliwa mwaka jana, analima kijishamba ambacho hakuna aliyemkataza. Anaenda kudai nini kwa msajili? Au jiweke katika nafasi ya Mgiriama. Kwao ardhi ilikuwa ya ukoo. Ushahidi wake ulikuwa makaburi, minazi, na wazee wanaokumbuka nani alifyeka msitu ule kwanza. Msajili alitaka dai la mtu mmoja mmoja na mipaka inayopimika. Basi hati nyingi zikawaendea Waarabu, Waswahili wenye nasaba, Wahindi na Wazungu. Mmijikenda akalala mwenyeji, akaamka skwota, na hakuwa ametoka mlangoni mwake.

Walijaribu kukataa. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mjane ambaye hakuwa kijana tena, alizunguka akiwalisha Wagiriama kiapo wasimfanyie Mzungu kazi wala wasimpe vijana wao. Walimkamata na kumpeleka magharibi mwa nchi, akatoroka akarudi. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti na kuwaamuru Wagiriama wahame kaskazini ya Mto Sabaki, kwenye ardhi yao bora. Damu ilimwagika, vijiji vikachomwa. Baadaye waliruhusiwa kurudi ng'ambo ile, lakini kurudi si kumiliki.

Miaka ishirini baadaye, mandhari ilikuwa tayari kwa wageni wa aina nyingine. Miaka ya 1930 hoteli za kwanza za Wazungu zilifunguliwa Malindi, Lawford's ikiwa mojawapo. Masetla wa nyanda za juu walishuka kupunga upepo wa bahari, na wapo waliobaki baada ya kuuacha ukulima. Uhuru ulipokaribia na serikali ikaanza kununua mashamba yao kule juu ili kuwapa Waafrika makao, wengine walichukua pesa zao wakaenda Uingereza au Afrika Kusini, na wengine wakateremka Pwani tu. Ukiwaza, ni ajabu: kule bara uhuru ulikuja na mipango ya kugawa mashamba, lakini huku Pwani ardhi ya Taji ikabadilika jina ikawa ardhi ya serikali. Skwota akabaki skwota, bendera tu ndiyo ilikuwa mpya.

Waitaliano walikuja kwa njia ambayo hungeitarajia. Walikuja na roketi. Miaka ya 1960 Italia ilijenga kituo cha kurushia setilaiti baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kikaitwa San Marco. Setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka hapo iliruka Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, nayo ikapewa jina la Uhuru. Wahandisi na mafundi walikaa Malindi, wakaizoea, wakawaambia ndugu zao. Zikaja hoteli za Kiitaliano, zikafuata vila, na vila zikajaa wastaafu. Nani aliuza ploti za ufuoni, na alizipataje? Tume ya Ndung'u ilipotoa ripoti yake mwaka 2004 juu ya ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria, ilionyesha jinsi viongozi walivyogeuza ardhi ya umma kuwa zawadi ya siasa. Kwa hivyo tusiwape Wazungu lawama zote. Mstaafu wa Kiitaliano alinunua. Aliyemuuzia mara nyingi alikuwa Mkenya mwenzetu mwenye simu ya Nairobi.

Naomba nisieleweke vibaya. Sina chuki na hawa wazee. Wengi si matajiri wa kutisha. Ni watu walioshika kazi moja miaka 40, wakagundua kwamba pensheni inayomlazimisha mtu kuhesabu sarafu Ulaya inaweza kumpa nyumba, bustani na mpishi huku. Hesabu ni rahisi: unapokea kwa pesa nzito, unatumia kwa pesa nyepesi. Waingereza miongoni mwao hata wana kilio chao. Mwingereza akistaafu na kuhamia Italia au Marekani, serikali yake humwongezea pensheni kila mwaka. Akihamia Kenya, pensheni inagandishwa kwa kiwango kile kile alichokuja nacho. Akiishi miaka 25 hapa, bei zinapanda na hela yake imesimama.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili, na upande huo naujua kwa sababu ni familia yangu. Mjomba wangu alitunza bustani ya mzee mmoja wa Kizungu kwa miaka 19. Walipendana kweli. Mzee alipoanza kupoteza nguvu za miguu, mjomba ndiye aliyemwinua kitandani, akamwogesha, akamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi barazani aione bahari. Mzee alipofariki, jamaa zake walikuja, wakauza nyumba, wakamlipa mjomba mshahara wa mwezi mmoja. Kwenye NSSF hakukuwa na chochote kwa jina lake, ingawa mfuko huo upo tangu 1965 na mfanyakazi wa nyumbani anastahili kuchangiwa kama wengine. Yaani mtu alifanya kazi ya kumwezesha mwingine kustaafu, na yeye mwenyewe hana cha kustaafia. Leo ana miaka 61, anachoma makaa.

Kiswahili kina methali mbili zinazonisumbua kila nikifikiria mambo haya. Ya kwanza ni mgeni njoo mwenyeji apone. Pwani imeitumia kwa karne nyingi, na kusema kweli wageni wameleta kazi. Ya pili ni ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Hiyo ndiyo sera ya pensheni ya Wakenya wengi: ukichoka na mji unarudi ushago, kwenye shamba la baba, unafuga kuku, unangoja wajukuu Desemba. Methali hiyo inachukulia kwamba zizi lipo. Je, kama zizi lina hati ya mtu mwingine?

Hawe, yaani bibi yangu mzaa mama, anaishi Magarini, ng'ambo ya Sabaki, palepale babu zake walipofukuzwa mwaka 1914. Hana hati. Nilipomweleza kwamba ninaandika juu ya Wazungu wanaokuja kuzeekea kwetu, aliniuliza maswali mawili.

"Kwao hakuna jua?"

"Lipo, Hawe, lakini kidogo."

"Na watoto hawana?"

"Wanao. Wamebaki kwao, wana kazi zao."

Akanyamaza, halafu akasema, "Basi wana bahati na taabu." Hakuongeza neno, akaendelea kuchambua mchicha.

Kuna jambo ambalo Hawe halitaji kwa sauti. Katika kaunti hii hii ya Kilifi, ambako mvi za mgeni zinapewa kiti kivulini, mvi za mwenyeji zimekuwa hatari. Kwa miaka mingi sasa wazee wamekuwa wakishambuliwa na kuuawa kwa kusingiziwa uchawi. Wapo wanaopaka nywele rangi nyeusi ili wasionekane wakongwe. Huko Ganze kuna kaya iliyogeuzwa kuwa makimbilio ya wazee waliotishiwa na jamaa zao. Uchunguzi mwingi wa visa hivi unakuta nyuma ya neno uchawi kuna neno ardhi: vijana hawana pa kujenga, mzee ameshikilia ekari mbili, na hakuna karatasi inayosema zitagawanywaje. Sisemi kwamba sheria ya 1908 ndiyo inayoshika panga. Aliyeshika panga ana jina lake na atajibu. Ila ukiwabana watu kwenye kipande kidogo kisicho na hati kwa zaidi ya miaka 100, usishangae wakianza kuhesabu nani amechelewa kufa.

Pensheni nayo hatimaye ilifika kwetu. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilianza kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, chini ya mpango wa Inua Jamii. Angalia umri huo. Ni ule ule wa sheria ya London, miaka 110 baadaye. Hawe amesajiliwa. Pesa wakati mwingine huchelewa, lakini zikija ananunua unga, sukari na dawa ya presha, na anatembea kama mtu mwenye mshahara.

Kwa hivyo nusu ya kwanza ya 1908 imeanza kufika Magarini, japo kwa kiasi kidogo. Nusu ya pili bado. Katiba ya 2010 ilijaribu: kifungu cha 65 kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya milele, bali kukodi tu kwa muda usiozidi miaka 99, na hata waliokuwa na umiliki wa milele wakageuziwa kuwa wapangaji wa miaka 99. Katiba hiyo hiyo iliipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Nilifurahi nilipokisoma kifungu kile. Kisha nikapiga hesabu: 2010 jumlisha 99 ni 2109. Mjukuu wa mjukuu wangu ndiye atakayeona vila zile zikirudi, na hata akiziona, zitarudi kwa nani? Katiba inasema mgeni ana mwisho. Haisemi mwenyeji ana mwanzo.

Najua wengi mnaosoma hapa mna miaka ishirini na kitu, na kustaafu ni stori ya wazee. Lakini wasee, tunakatwa NSSF kila mwezi na tunalalamika payslip ikija. Tukilalamika, tuulize pia yule dada anayetuoshea nguo na yule askari wa geti wanakatiwa na nani. Na siku tukiwa na hela kidogo na mtu akatuuzia kaploti Watamu au Kilifi kwa bei poa, tuulize aliyekaa hapo kabla ya ile hati alienda wapi. Mara nyingi hakuenda mbali. Yuko hapo nyuma ya ukuta, analima bustani.

Mwezi uliopita walikuja watu wa kupima mashamba kijijini kwa Hawe. Walipanda vigingi, wakaandika majina, wakasema hati zitakuja. Si mara ya kwanza kwao kuja. Hawe alitaja jina lake mara mbili ili waliandike sawasawa, akawaonyesha mwembe na makaburi, wakapima kutoka hapo. Ana miaka 83. Anangoja.