Humpty Dumpty (mashine ya pinboli)

Humpty Dumpty ni mashine ya mchezo wa pinboli iliyotolewa mwaka 1947 na kampuni ya D. Gottlieb & Co. ya Chicago, Marekani. Ilibuniwa na Harry Mabs, na picha zake zilichorwa na Roy Parker. Ndiyo pinboli ya kwanza kuwa na flipa, yaani vibao vidogo vinavyosukumwa kwa umeme ili kuurudisha mpira juu.

Kabla yake, mchezaji alivuta fimbo ya springi, akaufyatua mpira, kisha akabaki kuitikisa mashine huku mpira ukijiendea. Ndiyo maana wakuu wa miji waliiona pinboli kuwa kamari tupu. New York iliipiga marufuku mwaka 1942, na katazo hilo likadumu hadi 1976. Flipa za Mabs zilimpa mchezaji nafasi ya kuonyesha ustadi wake, na hapo ndipo ulipo uzito wa mashine hii kihistoria.

Flipa hizo zilikuwa 6, tatu kila upande, zimepangwa kutoka juu hadi chini kandokando ya ubao, ncha zikielekea nje. Nguvu yake ilikuwa hafifu, hivyo mpira ulipandishwa kwa kupokezanwa kutoka jozi moja hadi nyingine. Zilitengenezwa mashine 6,500.

Mwaka 1948 Steve Kordek wa kampuni ya Genco, katika Triple Action, alitumia flipa 2 tu, akaziweka chini kabisa. Mpangilio huo ndio ulioenea.